Nani Ndiye Afrigo?

Afrigo Band ilizaliwa Kampala mwezi Agosti 1975, kundi la wanamuziki lilipojitoa The Cranes Band, bendi iliyokuwa ikitamba mjini humo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 50. Katika nusu karne hiyo serikali ya Idi Amin ilianguka, Obote akarudi na kuondolewa tena, Museveni akaingia. Kaseti zilichukua nafasi ya santuri, kisha nazo zikapotea. Vijana wa miaka ya 2000 waliuteka mji kwa midundo ya kompyuta na mwimbaji mmoja mwenye kipaza sauti. Bendi nyingi za rika la Afrigo zilikufa. Afrigo ilibaki, ila kati ya waasisi wake aliyebaki jukwaani ni Moses Matovu peke yake, mwimbaji na mpuliza saksafoni. Wengine walihamia ughaibuni, walianzisha makundi yao au walifariki, na nafasi zao zikazibwa na watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa bendi ilipoanza.

Ni kitu gani, basi, kilichotimiza miaka 50?

Swali hili wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi kupitia merikebu. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kupachika mpya, hadi wasomi wakagawanyika: wako waliosema ni merikebu ileile, wako waliokataa. Mwaka 1655 Thomas Hobbes wa Uingereza akalikoroga zaidi. Vipi kama kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu moja moja, kisha akaziunga upya kama zilivyokuwa mwanzo? Bandarini sasa zipo merikebu mbili, na kila moja ina hoja ya kudai jina.

Kampala haina haja ya kuazima merikebu. Kwenye kilima cha Kasubi kuna Muzibu-Azaala-Mpanga, jumba la nyasi lililojengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Muteesa I wa Buganda, likageuka kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Makabaka wengine watatu wakazikwa humo baadaye. Nyasi huoza. Paa hilo limeezekwa upya mara nyingi, na kazi hiyo ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, wanaofundishana kizazi kwa kizazi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba zima liliteketea. Lilijengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ililiondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ukimwambia Mganda kwamba jumba la leo ni nakala tu ya lile lililoungua, hatakuelewa, au atakuelewa na kukasirika. Kwake ni Kasubi ileile: mahali ni palepale, waliolala pale ni walewale, na walioezeka ni wale wenye haki ya kuezeka. Mti na nyasi havimo kwenye hesabu hiyo.

Bendi haina hata hayo makaburi. Kwa hiyo inafaa kupitia, kimoja baada ya kingine, vitu vinavyoweza kudaiwa kuwa ndiyo bendi yenyewe.

Cha kwanza kumjia mtu akilini ni watu, na hicho ndicho dhaifu kuliko vyote. Kama bendi ni jumla ya waliomo, basi Afrigo ya 1975 ilikufa siku ya kwanza mwasisi mmoja alipoondoka, na tangu hapo zimekuwepo Afrigo kadhaa zilizorithiana jina bila habari. Hakuna shabiki anayehesabu hivyo. Tena ingebidi kusema kwamba Rachael Magoola, aliyejiunga baadaye na kuileta Obangaina, wimbo wa Kisoga ambao umekuwa miongoni mwa nyimbo zinazoitambulisha bendi kuliko zote, hakuwa Afrigo kamili bali kiraka. Joanita Kawalya naye, ambaye kwa zaidi ya miongo mitatu sauti yake ndiyo ambayo wengi huisikia masikioni jina la bendi likitajwa, angekuwa mgeni wa kudumu. Nadharia inayowafukuza wanawake hao wawili kutoka Afrigo imejikaanga kwa mafuta yake yenyewe.

Vyombo havihitaji maneno mengi. Tanzania, ambako bendi kubwa zilimilikiwa na mashirika, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa aliyekuta gitaa kazini kama karani anavyokuta meza. Lakini hata huko magitaa yalichakaa na kubadilishwa, na hakuna aliyesema bendi imebadilika kwa sababu ya spika mpya.

Jina lina nguvu zaidi, maana jina ndilo linaloandikwa kwenye bango na kwenye mkataba. Hata hivyo NUTA ilipogeuka JUWATA, kisha OTTU, bendi ilifuata jina la mwajiri wake kila mara, na wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam hawakupoteza hata wikiendi moja kutafuta ilikokwenda: ilikuwa Msondo tu, na mwishowe ikabaki inaitwa Msondo Ngoma. Kwa hiyo bendi inaweza kubaki bila jina lake. Na jina linaweza kubaki bila bendi. Franco wa Kinshasa alipofariki Oktoba 1989, bendi yake, TPOK Jazz, iliendelea miaka michache, hadi mzozo wa mapato kati ya wanamuziki na familia ya marehemu ulipoivunja mwishoni mwa 1993. Simaro Lutumba na wenzake wakaanzisha Bana OK. Familia ilibaki na jina; waliokuwa wamepiga na Franco miaka na miaka walibaki bila jina. Hii ndiyo merikebu ya pili ya Hobbes, ikiwa na magitaa.

Umebaki mtindo, yaani ule upigaji ambao mtu akiusikia redioni anaijua bendi kabla mtangazaji hajasema neno. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound iliwachukua kutoka Mlimani Park nguzo zake, akina Muhidin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Abel Balthazar. Kama mtindo ungekuwa ndani ya watu, Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, ingehamia nao kwa tajiri mpya. Haikuhama. Waliohama walilazimika kujitambulisha kwa mtindo mwingine, Ndekule, na Sikinde ikaendelea kupigwa na waliobaki pamoja na wageni waliojaza nafasi. Mtindo, basi, unaweza kuwashinda hata mabingwa wake. Lakini mtindo peke yake haumtofautishi mwenye nao na anayeuiga. Kijana wa leo wa Kampala mwenye sikio zuri na simu yenye intaneti anaweza kujifunza kila nota ya Afrigo ya miaka ya 1980 na kuzipiga bila kosa harusini. Amekwisha kuwa Afrigo? La hasha. Kuna kitu anakikosa, na kitu hicho ndicho kinachotafutwa.

Waislamu wana elimu nzima iliyojengwa juu ya kitu hicho. Hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu. Inatakiwa iwe na isnadi, mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na kila pete ya mlolongo hukaguliwa. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anajulikana kwa kudai ushahidi kwamba mpokezi na aliyempokelea walikutana kweli. Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 875, aliridhika ikiwa waliishi zama moja na kukutana kwao kuliwezekana. Mjadala wao ni wa kitaalamu, lakini wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja: maneno sahihi yaliyofika kwa njia iliyokatika yana upungufu ambao usahihi wa maneno hauuzibi. Ukristo una kanuni ya jamaa hiyo. Askofu wa Namirembe au wa Rubaga hawi askofu kwa kuisoma vizuri ibada ya kuwekwa wakfu. Huwekewa mikono na waliowekewa mikono.

Ukiichukua kanuni hiyo kwa uzito, Afrigo haipo ndani ya watu wa 1975, wala kwenye jina, wala kwenye nota. Ipo kwenye kupokezana: kila aliyeingia alipiga bega kwa bega na aliyekuwemo, akasahihishwa naye, mpaka akakubaliwa. Kijana wa harusini ana maneno, hana isnadi.

Jambo hili si la kinadharia tu. Mtu akihudhuria mazoezi ya bendi yoyote ya dansi ya Afrika Mashariki ataliona. Wimbo wa miaka ya 1970 una sehemu mbili: ya kwanza taratibu, yenye mashairi, ya pili ya kasi, ile ambayo Dar es Salaam huitwa chemko, ambapo gitaa la solo hutawala na wapuliza hujibu. Santuri ndogo ya zama zile ilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa ugeuziwe upande wa pili, au chemko likafifishwa likiwa ndiyo kwanza limekolea. Ukumbini wimbo huohuo hufika robo saa. Hiyo robo saa haimo kwenye santuri. Mgeni hujifunza kwa kusimama pale: kwamba mwimbaji akirudia kiitikio mara ya tatu na kumgeukia mpiga drams, chemko linakuja, kwamba mpuliza saksafoni akiinua chombo kabla hajapuliza, gitaa la solo lipunguze, kwamba mpiga besi ndiye anayeamua mwisho, na humtazama mpiga tumba, si mwimbaji. Ishara hizi hutofautiana bendi hadi bendi. Hakuna anayeziandika. Mwenye kuzijua amefundishwa na mwenye kuzijua.

Lakini isnadi haifiki mwisho wa safari. Mpokezi wa hadithi haruhusiwi kuongeza neno. Mwanamuziki asiyeongeza neno hafai. Magoola hakuingia Afrigo kurudia alichokikuta, alileta lugha ya kwao Busoga na uimbaji wake, na bendi ikawa kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Hapa mila ya Kiganda inafaa zaidi kuliko elimu ya hadithi. Mtu mzima anapofariki Buganda, siku ya kumaliza msiba ukoo humsimika mrithi, omusika. Huvishwa nguo ya gome la mti, mwanamume akapewa mkuki, na kuanzia hapo watoto wa marehemu humwita baba hata kama ni mdogo kwao kwa umri. Nafasi haiachwi wazi. Hakuna anayedhani marehemu amefufuka, wala hakuna anayemdai mrithi acheke kama marehemu alivyocheka. Anachodaiwa ni kuzibeba haki na deni za nafasi ile: watoto, mashamba, ugomvi usiokwisha. Akishakubaliwa mbele ya ukoo, tabia yake ni yake. Mpiga solo mpya wa bendi kongwe yuko hivyo. Anadaiwa zile nyimbo za mwanzo, maana watu wamezilipia kiingilio, na akishazilipa ana ruhusa ya kutunga zake.

Kwa mfano huu inaonekana pia kwamba kupokea peke yake hakutoshi. Lazima pawe na wa kushuhudia. Omusika asiyeshuhudiwa na ukoo si omusika. Kwa Afrigo ukoo huo ni wasikilizaji, wale waliokuwa wakijaa Club Obbligato, Old Port Bell Road, mwisho wa juma, wengine wakiwa wamefuata nyayo za wazazi wao. Wao ndio waliomkubali au kumkataa kila mgeni aliyepanda jukwaani, kwa njia ya kawaida kabisa: kuinuka kucheza, au kubaki wamekaa.

Vipi kuhusu mapengo? Uganda ilifunga baa na kumbi za starehe Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikuzifungua usiku hadi Januari 2022, karibu miaka miwili ambayo bendi za Kampala hazikuwa na pa kupigia kama zamani. Merikebu iliyofungwa bandarini bado ni merikebu. Bendi isiyopiga ni nini? Wanatheolojia wa madhehebu ya Ash'ari waliona kuwa sifa za vitu hazidumu nyakati mbili: Mungu huziumba upya kila nukta, na kudumu kwa dunia tunakokuona ni uumbaji usiokoma. Mtu anaweza kuikataa nadharia hiyo kuhusu mawe na miti, lakini kwa muziki ni vigumu kuibishia. Sauti hufa inapotoka. Hakuna wimbo uliowekwa mahali ukisubiri. Kuna wimbo unaopigwa sasa, na uwezo wa kuupiga tena kesho. Kwa hiyo bendi iliyonyamaza haijafa mradi uwezo huo upo kwa watu wanaojuana. Ufalme wa Buganda wenyewe ulifutwa na katiba ya 1967, ukarudishwa mwaka 1993 Kabaka Ronald Mutebi II aliposimikwa Naggalabi. Miaka 26 haukuwepo kisheria, na hata hivyo hakuna aliyesema umeanzishwa ufalme mpya, kwa kuwa wakuu wa koo walikuwa hai na kila mmoja aliijua kazi yake. Pengo la vizazi vitatu lingekuwa habari nyingine.

John Mbiti, Mkenya aliyefundisha dini Makerere kati ya 1964 na 1974, anaongeza upande wa marehemu. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alifundisha kwamba aliyekufa hubaki karibu, ndani ya wakati anaouita Sasa, maadamu wapo waliomfahamu na wanaomtaja kwa jina. Akifa wa mwisho kumkumbuka, anazama kwenye Zamani pamoja na wasio na majina. Kwa kipimo hiki Charles Ssekyanzi, mmoja wa waasisi, bado yumo kwenye Afrigo kwa namna fulani, kwa kuwa yupo jukwaani anayeweza kueleza alivyopiga. Nadharia ya Mbiti imekosolewa sana, na mkosoaji mkali kuliko wote alitoka Uganda yenyewe: Okot p'Bitek, aliyewalaumu wasomi wa aina hiyo kwa kuivisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki. Lawama hiyo yaweza kuelekezwa hata kwenye swali la makala haya. Nani Kampala aliyewahi kuuliza kama Afrigo ni Afrigo? Jibu ni kwamba wanaouliza wapo, na si wasomi: ni warithi wa watunzi wanaodai mirabaha, ni mapromota wanaosaini mkataba, ni familia ya Franco na wanamuziki wake mbele ya vitabu vya hesabu. Swali lina kanzu ya Kigiriki, lakini tumbo lake ni la hapa.

Mapromota hulikuta swali hilo zaidi wakati wa ziara. Bendi ya dansi ina watu kumi hadi ishirini. Tiketi za ndege na viza za Ulaya au Marekani hupatikana kwa nusu yao. Wanakwenda waimbaji, saksafoni, gitaa la solo. Besi na drams wanatafutwa kulekule ughaibuni. Nyumbani nako mkataba wa ukumbi hausubiri, kwa hiyo waliobaki huita wasaidizi na kupiga Ijumaa na Jumamosi kama kawaida. Wiki hiyo kuna bendi mbili zenye jina moja, mabara mawili, usiku mmoja. Franco aliufanya huu kuwa utaratibu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 TPOK Jazz ilikuwa na kikosi Ulaya pamoja naye na kingine Kinshasa chini ya Simaro. Hobbes angeona balaa. Wapenzi wa rumba hawakuona tatizo lolote, na inaelekea wao ndio waliokuwa sahihi. Hadithi moja huweza kufika kwa njia kadhaa, kila moja ikiwa nzima. Derek Parfit wa Oxford, katika kitabu chake cha 1984, alifika karibu na hapo kwa kufikiria mtu aliyegawanyika kuwa wawili: alisema kuulizana yupi ndiye yeye hasa ni kuuliza kisicho na uzito, kwa kuwa kila kilichokuwa na thamani kimeendelea. Kwa mtu hoja hiyo inatisha. Kwa bendi ni jambo la kila siku. Simba Wanyika, waliyoianzisha ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga walipofika Kenya mwaka 1971, ilimeguka mwaka 1978 na kuzaa Les Wanyika. Baadaye zikaja Wanyika nyingine. Nairobi nzima ilijua ni zipi, ilijua zimetokana na nini, na ilicheza zote.

Afrigo haijafikishwa kwenye kipimo kigumu kuliko vyote. Kwa miaka 50 Matovu amekuwa jibu la mkato la kila swali: mwenye kutilia shaka alionyeshwa yule mzee wa saksafoni, mambo yakaisha. Mtu anayeunganisha mwanzo na leo bila kukatika huwapumzisha wengine kufikiri, na wakati huohuo huficha kama mlolongo una nguvu bila yeye. Waliokwishavuka hapo wapo Zanzibar. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905 na yenye jina lilelile la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 walioandika waraka mzima juu ya muziki, ilisherehekea miaka 100 bila mwasisi hata mmoja aliye hai. Iliwezekana kwa sababu tangu mwanzo iliundwa kama chama chenye wanachama, viongozi na mikutano, na wanamuziki walikuwa ndani ya chama hicho. Afrigo ilijengwa kinyume chake, kwa wanamuziki kwanza, bila shirika wala tajiri nyuma yao, na uhuru huo ndio ulioivusha miaka ambayo mashirika yaliziacha bendi zao zife. Nani atamsimika omusika wa Matovu, na kwa utaratibu gani, ni jambo ambalo katiba ya klabu ya Zanzibar ilikwisha kulijibu na ambalo Kampala italijibu kwa njia iliyozoea kuwajibia wanamuziki wake wote, ukumbini.